Bodi ya Fyuzi ya Ukumbini

Nyumba yetu ya Msambweni aliijenga marehemu baba kwa ajili ya wake zake wawili. Ina ukumbi mrefu katikati, unaotoka mlango wa mbele hadi uani. Vyumba vya mkono wa kulia ni vya Mama Mkubwa, mke wake wa kwanza, na vya mkono wa kushoto ni vya mama aliyenizaa mimi. Jiko la uani ni la wote, na stima pia ni ya wote. Baba alipovuta stima hakuona sababu ya kuivuta mara mbili. Akaiweka bodi ya fyuzi ukumbini, juu ya mlango wa mbele kwa ndani, na hapo ilikaa mpaka Ramadhani ninayotaka kuisimulia.

Kwa asiyezijua bodi za zamani, hii yetu ilikuwa ubao mnene uliopigiliwa ukutani, una sanduku jeusi la chuma lenye mkono wa kuzimia nyumba nzima, na chini yake safu ya vishikio vyeupe vya kauri. Ndani ya kila kishikio mlipita waya mwembamba kama uzi. Stima ikizidi, waya ule unakatika na upande mmoja unakuwa giza, pengine nyumba nzima. Hapo mtu anapanda kigoda, anazima, anachomoa kishikio, anafunga waya mwingine na kukirudisha.

Mtu huyo alikuwa Mama Mkubwa. Baba alikuwa dereva wa hoteli huko Diani na siku nyingi alilala kazini, kwa hiyo alimfundisha yeye. Mama yangu hakufundishwa, na sikumbuki kumwona akiigusa bodi ile hata kwa kuifuta vumbi.

Nilipokuwa mdogo bodi ilibeba taa chache na redio. Baadaye vikaja vitu vingine, kimoja kimoja: friji ya mama, televisheni ya Mama Mkubwa, feni, birika la stima. Ndoa yangu ilipokwisha nikarudi nyumbani na cherehani yangu ya stima, nikafungua kazi ya ushoni katika chumba cha mbele cha upande wa mama. Bodi haikubadilika. Tuliobadilika ni sisi. Tulijua kuwa pasi na birika haviendi pamoja, na birika likikutana na cherehani, mtu atapanda kigoda. Basi mama kabla ya kuchomeka chochote kizito alisimama mlangoni kwake akaita:

"Dada, naweka pasi."

Na Mama Mkubwa alijibu kutoka ndani kwake, "Weka, mwenzangu," au pengine, "Nipe kidogo, maji yangu yanachemka."

Niliyasikia maneno hayo kila siku mpaka masikio yangu yakaacha kuyasikia.

Ramadhani ile kazi ilinielemea. Idi ilikuwa inakaribia, nami nilikuwa na kanzu za wavulana, magauni ya wasichana, na mteja mmoja wa Ukunda aliyetaka wanawe wote wavae kitambaa kimoja. Cherehani ilizunguka tangu asubuhi na pasi ilikuwa moto pembeni. Adhuhuri moja nikasikia harufu ya samaki. Hakuwa samaki wa kutamanisha. Alikuwa kama aliyesahauliwa kwenye mafuta mpaka akaungua.

Mama alikuja chumbani kwangu, akafunga mlango nyuma yake kabla ya kusema.

"Umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Usiseme neno. Mama yako mkubwa ana sukari. Pengine daktari amemkataza kufunga, naye anaona haya kutuambia. Mwache ale kwa amani."

Nikakubali. Kesho yake harufu ikarudi, na mama akalifunga hata dirisha la uani, mwenziwe asije akadhani tunamnusa. Siku iliyofuata ikarudi tena. Jioni Mama Mkubwa akaniita. Nilimkuta kwenye mkeka wake akichambua mchele.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Kama anaumwa na hawezi kufunga, mwambie asile kwa kujificha. Mimi si mtu wa kumsema."

"Mama Mkubwa, kwani si wewe unayekaanga samaki mchana?"

"Mimi? Samaki nimtoe wapi?"

Aliuweka ungo chini. Tulitoka pamoja tukaufuata ukumbi, tukinusa kila mlango. Kadiri tulivyokaribia mlango wa mbele ndivyo harufu ilivyozidi. Niliweka kiganja ukutani chini ya bodi, nikakuta ukuta una joto. Kishikio kimoja cha kauri kilikuwa kimegeuka rangi ya kahawia, ubao nyuma yake ulikuwa mweusi, na ganda la nyaya lililoyeyuka ndilo lililonuka samaki.

Mama Mkubwa alivuta kigoda. Nilimwambia asipande, akapanda, akaushika ule mkono wa chuma akazima nyumba nzima. Feni zilipunguza mwendo mpaka zikasimama, nyumba ikawa kimya. Mama akatoka kwake akiuliza kumetokea nini.

"Samaki tumempata," nilimwambia.

Hakuna aliyecheka wakati ule. Walicheka baadaye, kila mmoja alipomwelewa mwenziwe alivyokuwa akimsitiri.

Fundi niliyemwita ni mtu wa makamo anayekaa kwenye mashamba ya skimu, yale yaliyogawiwa watu na serikali, ambako wazazi wake walihamia kutoka bara siku nyingi zilizopita. Hutengeneza stima na pampu za maji, na watu wa Msambweni wanamwamini. Alifika asubuhi kwa pikipiki yake, akasimama mlangoni.

"Habari ya hapa?"

"Nzuri," alijibu Mama Mkubwa, kisha akaendelea kumtazama.

Fundi alielewa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ndani."

Mama yangu alipotokea, alimpa na yeye shikamoo yake bila kungojea.

Aliichunguza bodi kwa muda, akakichomoa kile kishikio kilichoungua, akatuonyesha. Ndani yake hamkuwa na ule waya mwembamba. Mlikuwa na nyaya kadhaa zilizosokotwa pamoja, nene kama kamba ya kiatu.

"Nani aliweka hii?"

"Mimi," alisema Mama Mkubwa. "Ule mwembamba ulikuwa unakatika kila mara. Mtoto ana kazi za watu, cherehani inamzimikia mikononi. Nikauongeza."

Mimi sikujua. Nilikuwa nimeona tu kwamba siku hizi stima haikatiki upande wetu, nikashukuru.

"Sasa mama," alisema fundi, na hakuwa na ukali, "ule mwembamba ukikatika unawaokoa. Huu hauwezi kukatika, kwa hivyo kitu ingine ndio inaungua. Hii mbao ilikuwa ishaanza. Ingeshika moto."

Mama Mkubwa alikipokea kile kishikio, akakigeuzageuza, akamrudishia.

Fundi alikwenda uani, akarudi na habari nyingine: nyumba haikuwa na waya wa ardhi, ule unaopeleka udongoni stima inayovuja. Ule wa zamani ulikuwa umeoza chini na kubaki kipande. Mama akasema kumbe ndiyo maana friji yake ina ganzi. Kwa muda mrefu alikuwa anavaa ndala kwanza ndipo afungue mlango wa friji, na alidhani friji zote ziko hivyo.

"Hapa si kutengeneza tena, ni kubadilisha," fundi alisema. "Hizi za kisasa ziko na swichi, zinajizima zenyewe mtu akiguswa na stima. Mimi swali yangu ni moja tu. Tuweke bodi moja, ama mbili?"

Akatueleza. Nyumba ikiwa na bodi mbili, kila upande utajitegemea. Baadaye tukitaka tutaomba na mita ya pili, na hapo mtu hatakuwa na haja ya kujua mwenziwe amechomeka nini.

"Mbili," alisema mama papo hapo.

Niligeuka kumtazama. Mama yangu si mtu wa kuamua mambo ya nyumba hadharani. Hata rangi ya kuta huwa anasema, "Mtakavyoona."

Mama Mkubwa aliinua macho kwenye bodi. "Mimi ningeona ile ile ifungwe waya unaofaa, iachwe. Lakini mkitaka mbili, wekeni mbili." Akaingia chumbani kwake.

Fundi alituachia nafasi ya kufikiri. Aliukata kabisa upande wetu, akaufunga wa Mama Mkubwa waya unaostahili, akatuonya tusiuchoshe. Yeye alikuwa na kazi Diani, angerudi tukimwita.

Nilimpigia simu kaka yangu, mtoto wa Mama Mkubwa, ambaye anafanya kazi ya makaratasi ya malori huko Lunga Lunga. Nilitarajia atamtetea mama yake.

"Mbili," alisema naye. "Mama Mdogo amesema kweli. Nyumba ile ilifaa igawanywe tangu mzee alipofariki. Kila mtu ajue mwisho wake uko wapi."

Kaka yangu si mtu mbaya. Kila Idi huwaletea mama zetu kanga, na hawezi kumletea mmoja doti ambayo mwenziwe hatapata iliyo sawa nayo. Lakini anakaa mpakani, na anapenda kila kitu kiwe na mpaka. Nami kusema kweli bodi mbili zilinifaa. Nilichotaka ni cherehani yangu izunguke.

Siku zile tulihamia kwa Mama Mkubwa. Friji ya mama tuliikokota hadi sebuleni kwake, na cherehani nikaiweka chini ya dirisha lake, pasi nikaazima ya makaa. Mchana nilishona, na Mama Mkubwa akawa ananishonea vifungo kwa mkono. Jioni tulifuturu hapo hapo, sote watatu kwenye sinia moja, kwa kuwa upande wetu ulikuwa giza na ingekuwa ajabu kumwacha mama akale kwa mwanga wa mshumaa.

Jioni moja tulikuwa tumemaliza kuswali magharibi na tumerudi kwenye mbaazi za nazi. Mama Mkubwa alimwuliza mama bila kumtazama, huku akimega muhogo.

"Kwa nini unataka mbili?"

Nilidhani mama atasema ni ushauri wa fundi. Akasema, "Nimechoka kuomba ruhusa, dada."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya pasi. Ya birika. Tangu tuwe na vitu hivi, nikitaka kunyoosha kanga nasimama mlangoni kama mtoto wa shule. Wewe hujawahi hata siku moja kusimama mlangoni kwako ukaniita mimi."

Mama Mkubwa aliacha kula. Nami niliacha. Nikawa natafuta siku moja ambayo ningeweza kumkanusha mama, sikuipata.

"Kweli," alisema Mama Mkubwa. "Sijawahi." Akafuta vidole. "Lakini mimi sikujua kama unaomba. Nilidhani unanijulisha. Asubuhi nikikusikia unaita, najua umeamka mzima. Siku usipoita nakuja kuchungulia."

"Kuchungulia wapi?"

"Dirishani kwako, huko nyuma. Nikiona uko salama narudi zangu."

Mama alinigeukia kana kwamba mimi nilijua. Kwa kweli nilikuwa nimemwona Mama Mkubwa mara kadhaa akipita nyuma ya dirisha la mama, nikamhesabu kuwa mdaku.

"Na bodi?" mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Mimi sikuweza kufundishwa?"

"Marehemu alinionyesha wakati umekwenda kwenu kumzaa huyu." Akanielekezea kidevu. "Uliporudi ningeweza kukuonyesha. Sikutaka. Wewe ulirudi na mtoto mchanga, watu wote wanakuja kwako. Nami nikapenda niwe na kitu ninachokijua peke yangu."

Mama alichukua kikombe cha Mama Mkubwa, akakijaza uji, akakiweka mbele yake. Tukamaliza kula tukizungumza habari za mteja wangu wa Ukunda, ambaye alikuwa ameongeza mtoto mwingine katika orodha yake ya nguo.

Kwa siku kadhaa mama hakulitaja jambo la bodi. Nilimwona tu akisimama ukumbini, akiuangalia ule ubao uliounguzwa, kisha akienda zake. Asubuhi moja alikuwa ananisaidia kupinda ncha za magauni, akasema, "Moja."

"Moja nini?"

"Bodi. Iwekwe moja. Lakini swichi zake zikae safu mbili, za huku huku na za kule kule, na ziandikwe. Na wewe uwe na njia yako peke yako, wateja wako hawawezi kutegemea birika la mtu. Na huyo fundi anifundishe mimi kwa mkono wangu."

"Na mita?"

"Mita moja inatosha. Huyu dada ana sukari, na mimi presha inapanda inavyotaka. Tukigawana kila kitu, nani atakuja kuchungulia?"

Mama Mkubwa alipoambiwa alisema, "Alhamdulillahi," akaendelea na vifungo. Kaka alikuwa mgumu zaidi kwenye simu.

"Sasa mlikuwa mnaniuliza nini?" alisema. Lakini aliahidi kuja siku ya kazi, na alikuja.

Nilikutana na fundi kwenye maduka ya Kona ya Musa ili tununue vifaa. Mwenye duka alitutolea bodi za plastiki, nyepesi kama sahani za pikiniki, na moja ya chuma. Fundi alitaka iliyo na nafasi za ziada. "Leo mko na cherehani," alisema, "kesho mtataka pampu ya kisima." Nami nilitaka ya chuma, kwa kuwa nilikuwa nimeuona ule ubao. Tukapata iliyokidhi haja ya wote wawili, na fimbo ya shaba ya kushika ardhi.

Watu wa kampuni ya umeme walikuja kwanza wakazima upande wao. Kisha fundi akaing'oa bodi ya baba. Nyuma yake tulikuta mayai ya mjusi na rangi ya ukuta ya zamani, kijani kilichokoza, ambayo nilikuwa nimesahau kwamba nyumba yetu iliwahi kupakwa. Kaka alivua shati akaigongomea ile fimbo ya shaba uani, karibu na kisima ambako udongo haukauki. Ilikuwa kazi nzito kwa mtu aliyefunga, na kila alipopumzika mama yangu alimwambia, "Taratibu, baba, hakuna anayekukimbiza."

Fundi ni Mkristo na hakuwa amefunga. Mama Mkubwa alimpikia wali, akamfunikia mezani, akamwambia awe huru. Fundi alishukuru, lakini wali hakuufunua.

"Nitakula na nyinyi," alisema.

Bodi mpya aliiweka chini ya pale ilipokuwa ya zamani, kimo cha uso wa mtu, ili isihitaji kigoda. Stima iliporudi alituita sote. Akabonyeza kitufe kidogo, nyumba ikazimika.

"Hii ndio inawaokoa," alisema. "Sasa mtu arudishe."

Mama Mkubwa alikuwa karibu zaidi. Akarudi nyuma hatua moja, akamwachia mama nafasi. Mama alifuta mkono kwenye kanga yake, akanyanyua kidole, akasita. Kisha akaisukuma swichi juu. Taa ya ukumbini ikawaka, na kutoka sebuleni tukasikia friji ikianza kunguruma. Mama aliizima mwenyewe, akaiwasha tena. Baada yake alijaribu Mama Mkubwa.

"Waya hakuna?" alimwuliza fundi.

"Hakuna waya, mama. Ikikataa kurudi, usilazimishe, unaniita."

"Basi hata mtu mvivu anaweza," alisema Mama Mkubwa. Nilimwona anaitazama ile bodi ya zamani iliyokuwa imeegemezwa ukutani. Alimwomba kaka kishikio kimoja kizima cha kauri, akakitia mfukoni mwa dera lake. Vingine vilikwenda na takataka.

Tulifuturu pamoja ukumbini, sisi na fundi, mkeka umetandikwa kutoka mlango mmoja hadi wa pili. Kaka alimsukumia fundi mapande ya nyama mpaka akaomba apumzishwe. Alipoondoka alibeba mahamri ya watoto wake, na mama zetu walimsindikiza wote wawili hadi kwenye pikipiki.

Nguo za Idi zilikwisha kwa wakati, pamoja na za yule mtoto aliyeongezwa. Friji ya mama ilirudi upande wake. Cherehani yangu nayo ilirudi, ingawa bado naenda kushonea vifungo kwa Mama Mkubwa, kwa kuwa dirisha lake lina mwanga mzuri.

Nilidhani mambo ya nyumba yameishia hapo, lakini mama yangu alikuwa ameonja kuamua. Idi ilipopita alisema jiko la uani linahitaji mlango mwingine, moshi unaingia kwetu. Alikwenda mwenyewe kwa Mama Mkubwa na birika la chai, akakaa kwenye mkeka, akamweleza. Mama Mkubwa anaona mlango haujambo, tatizo ni paa. Wamekwishakwenda pamoja kwa fundi wa mbao mara kadhaa na kurudi bila kuagiza kitu. Kuhusu mabati wamekubaliana. Kuhusu mlango bado wanazungumza.